Zima Kwanza

Tulikuwa tumesimama kwenye majivu chini ya Ol Doinyo Lengai, saa sita usiku imepita kidogo, watu wanne na kiongozi wetu, kila mmoja wetu wanne amefunga tochi kichwani inawaka kwa nguvu zake zote. Gari lililotuleta kutoka Engaresero lilikuwa limeshazimwa. Kiongozi, kijana wa Kimaasai aliyevaa koti zito juu ya shuka, alitutazama huku amejikinga macho kwa mkono, kisha akanisogelea mimi niliyekuwa karibu naye. "Kaka," akasema kwa upole, "zima kwanza."

Nikazima. Wenzangu nao wakazima, mmoja baada ya mwingine. Kwa muda hatukuona kitu, hata mikono yetu wenyewe. Halafu mlima ukaanza kujitokeza. Kwanza ukingo wake, pale nyota zinapokatika ghafla kama zimefunikwa na kitambaa. Kisha mifereji ya majivu, iliyopauka kidogo kuliko giza lililoizunguka. Mwisho njia yenyewe, mstari mwembamba kati ya nyasi, unakwenda juu bila kupindapinda. Kiongozi akasubiri mpaka kila mtu aseme kwamba anaiona. Ndipo akawasha tochi yake ndogo ya mkononi, akaishusha usawa wa goti. "Haya twende. Washeni kidogo tu."

Ndugu na marafiki wanaojua kwamba napenda kupanda milima na kulala kwenye mahema huniuliza mara kwa mara wanunue tochi gani ya kichwani. Hutarajia nitaje jina la kampuni na bei. Mimi huwauliza kitu kimoja tu: hiyo uliyoiona dukani, ukiipunguza inafifia mpaka wapi? Wengi hawajajaribu, kwa sababu muuzaji hakuwaonyesha.

Madukani utaonyeshwa kinyume chake. Niliwahi kuingia duka moja mjini Arusha, na kijana wa kaunta akanitolea boksi jekundu lililoandikwa lumeni 20,000. Akaiwasha tochi akaielekeza ukutani, ukuta ukawa mweupe kama karatasi, wateja wengine wakageuza nyuso. "Bosi, hii ni moto wa kuotea mbali," akaniambia. Simlaumu, boksi ndilo lililomwambia hivyo. Lakini hesabu yake haihitaji fundi. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Taa nzuri za LED za siku hizi hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja ya umeme. Lumeni 20,000 basi zingetaka wati zisizopungua 130. Ndani ya tochi ile mlikuwa na betri moja ya kuchaji, ile nene yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo hubeba kama wati-saa 11. Ukigawanya, ingeisha kwa dakika tano hivi, na kabla ya hapo ingekuwa imekuunguza paji la uso. Namba ile ilikuwa ya uongo, na mtu anayekwenda porini usiku huku akiamini namba ya uongo anaweza kuumia.

Kuna maboksi yanayosema kweli, na mengi yake yana alama ya ANSI FL 1, utaratibu wa upimaji wa tochi uliotolewa Marekani mwaka 2009. Nilipousoma kwa mara ya kwanza kuna jambo lilinigusa. Boksi likiandikwa kwamba mwanga unafika mita 100, maana yake ni kwamba ukisimama umbali huo mwanga unaokufikia ni robo moja ya lux, na hiyo ni sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Watu walipotafuta mahali pa kuchora mstari, hapa kuna mwanga na hapa hakuna tena, waliuchora kwenye mbalamwezi. Kila mtu aliyekulia kijijini anajua mbalamwezi inatosha kwa mambo gani. Tulicheza ndani yake mpaka tukaitwa mara tatu, tukachota maji, tukatambua sura ya mtu anayekuja kabla hajasalimia. Robo ya lux ilitutosha.

Kwenye kipimo hicho hicho mna mambo mengine mawili ambayo inafaa mnunuzi ayajue. Ukitaka mwanga ufike mbali mara mbili, lazima ukali wake uongezwe mara nne, na betri ndiyo inayolipia deni hilo. Na zile saa zilizoandikwa kwenye boksi huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi ya "saa nane" inaweza kuwaka vizuri saa moja tu, kisha ikajivuta saba zilizobaki. Mimi sioni kosa katika kujivuta huko. Kosa ni mtu kutokuambiwa.

Bibi yangu huko Upareni hakuwahi kumiliki tochi. Alikuwa na chemli ya wageni na koroboi ya kwake mwenyewe, mkebe wa maziwa uliotobolewa kifuniko ukatiwa utambi. Usiku mbuzi wakishtuka bandani alitoka na hiyo koroboi, nami nikimfuata nyuma nimeshika khanga yake. Aliibeba kwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kifua, na mkono wa kushoto aliuweka kati ya moto na uso wake. Mimi nilidhani anaukinga moto na upepo. Lakini hata usiku usio na upepo kiganja kilikuwa pale pale. Mwanga ulimwagikia miguuni mwake na mbele kidogo, ukingo wa vidole vyake ukawaka wekundu kama una makaa ndani, na juu ya kiganja macho yake yalibaki gizani. Alikuwa akiona banda zima. Mimi niliyekuwa nikiutazama moto sikuona hata mbuzi mmoja.

Miaka mingi baadaye ndipo nilisoma sababu. Nyuma ya jicho mna seli za aina mbili. Za koni huona rangi na hutaka mwanga wa kutosha. Za vijiti huona gizani, na kazi yao hutegemea kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwanga mkali huivunja papo hapo na jicho huhitaji kama nusu saa kuijenga upya. Nusu saa nzima. Mtu mmoja akigeuka kukuuliza kama una maji, tochi yake ikakupiga usoni, amekuharibia nusu saa ya usiku wako kwa swali la sekunde mbili. Ndiyo maana yule kijana alituambia tuzime kwanza. Hakuwa akitunza betri zetu.

Hapa ndipo taa nyekundu inapoingia. Seli za vijiti karibu haziuoni wekundu uliokolea, kwa hiyo mwanga mwekundu hafifu hukuwezesha kufunga kamba za viatu, kutafuta soksi ndani ya hema au kusoma saa, bila kubomoa kile ambacho macho yamejenga. Wadudu nao huufuata kidogo sana kuliko mwanga mweupe, na mtu aliyewahi kula wali chini ya taa nyeupe karibu na Ziwa Natron atanielewa bila maelezo. Lakini jaribu jambo moja kabla hujatoa pesa yako: bonyeza kitufe ukiwa dukani uone kama unaweza kuiwasha nyekundu moja kwa moja. Zipo tochi nyingi, nyingine za bei mbaya, ambazo lazima zipitie nyeupe kali kwanza ndipo zifike kwenye nyekundu. Aliyeibuni tochi ya namna hiyo, naamini, hakuwahi kulala hema moja na mtu mwingine. Na ujue pia kwamba mistari myekundu ya ramani hupotea kabisa chini ya taa nyekundu, na damu ya kidonda huonekana kama maji tu. Kwa ramani na kwa kidonda, washa nyeupe.

Lengai hupandwa usiku kwa sababu ya jua. Mlima unasimama kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mtupu, hauna mti wa kujificha, na mchana mawe yake huwaka. Unaanza na nyasi ndefu, unaingia kwenye majivu yaliyogandamana ambayo mvua imeyachimba mifereji, na huko juu unakuta miamba iliyolala mteremko mkali ambako mtu hupanda kwa mikono na miguu. Sehemu hiyo ya mikono ndiyo sababu ya kufunga tochi kichwani. Vinginevyo ningekuwa na shaka nayo.

Shaka yenyewe ni kwa sababu ya vivuli. Tochi iliyo kwenye paji la uso inamulika kutoka karibu kabisa na macho yanayotazama, kwa hiyo kila kivuli hujificha nyuma ya kitu chake. Jiwe, shimo na majivu tambarare vyote vinafanana, kijivu juu ya kijivu. Usiku ule nilijikwaa mara tatu kwenye kimfereji kisichozidi kiganja, na kila mara nilikuwa nimekimulika vizuri. Kiongozi hakujikwaa. Tochi yake ya goti ilikuwa ikilaza mwanga ardhini, na kila kijiwe kikatupa kivuli kirefu mbele yake kama kinapiga hodi. Kituo cha kwanza nilivua yangu, nikaufupisha mkanda nikaufunga kwenye mshipi wa suruali. Njia ikabadilika. Nilianza kuziona nyayo za waliotangulia, hata alama za soli zao. Tulipofika kwenye miamba nikairudisha kichwani, kwa sababu huko mkono hutafuta pa kushika na jicho lazima litangulie mkono. Tangu siku hiyo siangalii ukali tu ninaponunua. Naangalia mkanda: unavulika kwa urahisi, unafupika kufikia wapi, na taa yenyewe inainama kiasi gani bila kulegea kila ukirukaruka.

Kwenye vumbi na ukungu ni vivyo hivyo. Taa ya pajini hupiga chembe zilizo mbele ya pua yako na kukurudishia ukuta mweupe, na kadiri unavyoongeza mwanga ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mnene. Ishike chini.

Jambo moja tochi ya kichwani hulifanya vizuri kuliko nyingine zote. Macho ya wanyama wengi wa usiku yana utando nyuma unaorudisha mwanga pale pale ulikotoka. Kwa kuwa taa yako iko karibu na macho yako, ule mwanga unaorudi unakufikia wewe. Tukiwa kambini Engaresero niligeuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na kichakani yakaganda makaa mawili ya kijani, yakanitazama, yakazimika, yakawaka tena hatua chache pembeni. Fisi, akasema mpishi, wala hakuacha kukatakata vitunguu. Chini, majanini, kulikuwa na vimeto vidogo kama umande. Nilipoinama kimoja kilikuwa buibui. Nikaivua ile tochi nikainyoosha mbali kwa urefu wa mkono, na umande wote ukatoweka. Nikairudisha pajini, ukarudi.

Mwanga wangu wa kutembea, kwenye njia inayoonekana, ni kati ya lumeni 30 na 50. Ndani ya hema tano ni nyingi. Nikifika njia panda au nikipoteza alama, nataka 200 au 300 kwa dakika moja, nitazame, nizime. Tochi inayonipa hayo yote matatu kwa kitufe ninachoweza kukipapasa nikiwa nimevaa glavu, imetosha. Isipopenywa na maji ya mvua, ambayo kwa alama ni IPX4 na kuendelea, sihitaji inayozama mtoni.

Betri ni habari nyingine, na hiyo niliijua kwa uchungu. Mara yangu ya kwanza Lengai, miaka kadhaa kabla ya safari hii, nilikwenda na tochi kubwa ya kuchaji niliyokuwa nikiionea fahari. Niliiwasha yote tangu mguu wa mlima. Haikufifia hata kidogo, nami nikaisifu moyoni. Kisha kama saa nane usiku, nikiwa tumbo juu ya mwamba, vidole vimeshika ufa, ikapepesa mara tatu ikazimika. Sikuona mkono wangu. Macho yaliyokuwa yamezoea ule mwanga mkali hayakuwa na akiba yoyote. Nilibaki nimekumbatia jiwe nikiwasikiliza wenzangu wakipanda, vikokoto vikinidondokea mgongoni, mpaka mmoja wao alipoteremka kunifuata. Tulishuka wawili kwa taa moja, mimi nimekaa kitako, nikisogea hatua kwa hatua kama mtoto anayeshuka ngazi. Kileleni sikufika.

Tochi za namna ile zina kidhibiti kinachoshikilia mwanga usawa mmoja mpaka betri ya lithiamu iishe, halafu zinakata. Betri za kawaida za alikali, zile ndogo za rimoti, hufifia pole pole, zinakuaga mapema. Nyingine za kuchaji zilizofikiriwa vizuri hushuka zenyewe kwenye mwanga mdogo wa akiba zikakuachia saa moja au mbili za kurudi kambini, na kama utanunua ya kuchaji, nunua ya namna hiyo. Mimi sasa nabeba inayokubali betri za aina zote mbili, ya kuchaji na za rimoti, kwa sababu betri za rimoti nazipata kwenye kioski cha kijiji chochote, na sola ya kambi huwa na foleni ya simu. Nikifunga begi nageuza betri moja kichwa chini. Tochi iliyojiwasha yenyewe ndani ya begi, imebanwa kati ya viatu na sufuria, hukutaarifu habari hiyo usiku.

Kwenye baridi hali huwa ngumu zaidi. Wanaopanda Kilimanjaro kutoka Barafu, mita 4,673, huondoka karibu na usiku wa manane ili wafike Uhuru, mita 5,895, kunapopambazuka, na huko juu baridi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 10 na zaidi. Betri ya alikali ina maji ndani yake, na baridi huilegeza. Ya kuchaji nayo hupoteza sehemu ya nguvu zake mpaka ipate joto tena. Wapagazi wazoefu huziweka betri za akiba mfuko wa ndani kabisa, karibu na ngozi. Zile za lithiamu za kutupa, zisizochajiwa, hustahimili, lakini bei yake si ya kila mtu. Mwezi ukiwa mpevu na anga ni safi, utawaona viongozi wa Kilimanjaro wakizima taa na kuwaongoza wageni wao kwa theluji na mbalamwezi tu, kofia zimeshushwa, hatua fupi fupi.

Usiku ule wa "zima kwanza" tulifika juu kabla ya alfajiri. Upepo ulikuwa mkali, na harufu ya kiberiti ilitukaba koo. Kiongozi alitupanga mbali na ukingo wa kreta, akahakikisha kila mmoja amekaa chini. Wamaasai huita mlima huu Mlima wa Mungu na wapo wanaokuja kuomba, na nilimwona anavyokaa kimya kwanza kabla hajasema nasi. Kisha akainua mkono, nasi tulikuwa tumeshajifunza. Tukazima.

Lengai ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina yake katika zama zetu. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliiandika katika jarida la Nature mwaka 1962: lava ya magadi, yaani ya kaboneti za sodiamu, si ya mawe yaliyoyeyuka kama tunayoyajua. Wakati lava za volkano nyingine huweza kuzidi nyuzi 1,100 za Selsiasi, hii hutoka ikiwa na kama 500 hadi 600 hivi. Kwa lava, hiyo ni baridi. Kwa hiyo haiwaki njano wala rangi ya chungwa. Wekundu wake ni hafifu kiasi kwamba taa moja tu ya kichwani ikielekezwa kule ingetosha kuufuta.

Tulikaa gizani. Dakika kumi, labda kumi na tano, hakuna aliyesema. Nilisikia kwanza: mchemko mzito chini kule, kama uji unaokaribia kuiva. Halafu macho yakaanza kuupata. Doa, kisha ufa, kisha kamstari kembamba kanachosogea na kujikunja, wekundu wa ukingo wa vidole mbele ya utambi. Ukiutazama moja kwa moja unapotea, ukigeuza jicho kando kidogo unarudi. Mwenzangu mmoja alinong'ona kama tuwashe tupige picha. Kiongozi akamwambia bado, subiri kidogo, kaka.

Tukasubiri. Upande wa mashariki ukapauka, kisha ukawa na rangi ya maziwa, na mabonde yakaanza kuonekana hadi Natron. Ilipofika saa kumi na mbili tulikuwa tukitazama ndani ya kreta kwa macho ya mchana. Ile lava bado ilikuwa ikitoka, ikitiririka pale pale ilipokuwa ikitiririka, nyeusi tii kama tope la barabarani.